GARI NA JAMII: Jua oili inatoka wapi kabla hujafungua mkoba

Tembea asubuhi katika uwanja wa kuegesha magari wa mtaa wowote wa mjini, uwe Buruburu, Umoja, Lang'ata au Nyali kule Mombasa, na utayaona. Ni madoa meusi, mengine makubwa kama sahani, mengine madogo kama sarafu, kila moja likionyesha mahali gari la mtu lilipolala usiku.

Mwenye gari naye huyaona kila siku. Huyaruka asichafue viatu, akaingia garini na kwenda zake kazini. Siku akiulizwa na mkewe, jibu huwa tayari mdomoni: "Hiyo ni oili kidogo tu, gari lenyewe si jipya."

Mpenzi msomaji, hiyo oili kidogo tu ndiyo mada yetu Jumapili hii. Nia yangu si kukutia hofu, kwa maana injini nyingi huvuja kidogo na bado zinatembea miaka na miaka. Nataka tu tuelewane juu ya jambo moja ambalo likikuingia akilini litakuokolea pesa: mahali oili inapodondokea mara nyingi si mahali inapotokea. Anayetengeneza kabla ya kutafuta hulipa mara mbili.

HESABU YA TONE

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu na washike kalamu. Tuseme matone 20 ni sawa na mililita 1. Tuseme pia gari letu linadondosha tone moja kila dakika injini inapofanya kazi, na kwamba huwa barabarani kwa saa 3 kila siku. Hayo ni matone 180, yaani mililita 9. Hata vijiko viwili vya chai havijai. Nani ataamka usiku kwa sababu ya vijiko viwili?

Lakini endelea kuhesabu. Kufikia siku ya 111, ambayo ni karibu miezi minne, lita 1 nzima imekwenda. Magari mengi madogo ya familia hubeba oili ya kati ya lita 3 na 4 tu. Tena kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, tofauti ya alama ya juu na alama ya chini huwa takriban lita 1. Basi asiyefungua boneti kwa miezi minne atakuwa amefika alama ya chini bila habari. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Kuna hatari gani hapo? Ndani ya injini nzima, vyuma vinavyozunguka havitakiwi kugusana. Krenkishafti huzunguka maelfu ya mara kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu. Oili ikipungua kupita kiasi, pampu huanza kuvuta hewa, hasa gari likikata kona au likipanda mlima. Utando ukikatika, chuma husaga chuma, joto hupanda, injini huanza kunoki na hatimaye hukwama. Mambo hayo yote yanaweza kumalizika kwa dakika chache.

Sasa fikiria ni Desemba. Gari limejaa watoto, mizigo na kuku mliopewa na nyanya, nanyi mnapanda ule mlima wa Mai Mahiu mkirudi Nairobi. Injini ikikwama hapo, si safari tu iliyoharibika. Kununua injini nyingine, hata ya mitumba, kunaweza kumeza karo ya watoto ya Januari. Na huenda chanzo chake kilikuwa kipande cha raba ambacho bei yake haifikii ya kuku mmoja kati ya hao mliowabeba.

KWANZA, JE, NI OILI KWELI?

Si kila kinachodondoka chini ya gari ni oili ya injini. Jioni ukishaegesha, tandaza kipande cha katoni safi au magazeti ya zamani chini ya sehemu ya mbele (gazeti la wiki jana, si hili unalosoma). Weka alama kwenye katoni kuonyesha magurudumu ya mbele yako wapi, ili kesho ujue tone limeanguka chini ya kitu gani. Asubuhi toa katoni na uitazame kwenye mwanga.

Maji matupu yasiyo na rangi wala harufu, hasa siku ya joto, hutoka kwenye eyakondishena. Hayo yasikusumbue.

Majimaji ya kijani, ya waridi au ya buluu ni ya radieta. Hayo ni shauri jingine, nalo lisicheleweshwe.

Mafuta mekundu kwa kawaida ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani.

Mafuta mepesi yenye rangi ya manjano hafifu, yaliyodondoka karibu na gurudumu, huenda ni ya breki. Ukiyaona hayo, usiliendeshe gari. Mwite fundi alipo.

Oili ya injini yenyewe huwa na rangi ya asali ikiwa mpya, kisha hugeuka hudhurungi na baadaye nyeusi. Huteleza kati ya vidole na kwa kawaida huanguka sehemu ya mbele ya gari. Ukiwa na shaka, chomoa dipstiki, dondosha tone moja kwenye katoni kando ya doa, kisha ulinganishe. Mwenye macho haambiwi tazama.

KWA NINI INJINI HUVUJA

Injini si kipande kimoja cha chuma. Ni vipande vingi vilivyofungwa pamoja kwa bolti, na katikati yake mna gasketi za kuzuia oili isitoke. Pale ambapo kitu kinachozunguka kinatokeza nje, kama ncha ya krenkishafti, huwekwa pete ya raba iitwayo sili.

Raba ina maisha yake kama kiumbe chochote. Ikipikwa kwa joto mwaka baada ya mwaka hukauka, hukakamaa na hupasuka. Magari mengi tuyanunuayo hapa Kenya ni mitumba kutoka Japani, na kanuni huruhusu kuingizwa gari ambalo halijazidi miaka 8. Kwa hivyo gari unaloliita jipya huenda lina raba iliyopikwa kwa miaka 7 kabla hujaliona. Linapokuja huku hukutana na msongamano wa Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, injini ikinguruma bila upepo wa kuipoza.

Halafu kuna matuta. Karai la oili lililo chini kabisa ya injini, ambalo mafundi huliita sampu, ndilo hugonga tuta la kwanza lisilo na rangi wala alama.

Sababu nyingine wengi hawaijui. Kila mara petroli inapolipuka ndani ya silinda, hewa kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia chini kwenye oili. Injini imewekewa njia ya kupumua, yaani mpira na valvu ndogo ya kurudisha hewa hiyo ichomwe tena. Njia hiyo ikizibwa na uchafu, presha hujaa ndani na kusukuma oili nje kupitia popote palipo dhaifu. Ukibadilisha gasketi bila kufungua pumzi hiyo, gasketi mpya nayo itavuja.

DOA HUDANGANYA

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Oili huteremka, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Inaweza kutokea juu kabisa ya injini, ikapita ubavuni, ikatambaa kwenye ukingo wa sampu, kisha ikadondoka nusu mita kutoka pale ilipoanzia.

Tuchukue mfano. Gari lina tone linaloning'inia pale injini inapoungana na giaboksi. Fundi mwenye haraka huchungulia chini na kutoa hukumu: "Sili ya nyuma imekwisha." Ili kuibadilisha sili hiyo ni lazima giaboksi iteremshwe, kazi ya siku nzima au zaidi. Mwenye gari hukopa, hulipa, sili hubadilishwa. Wiki mbili baadaye tone liko pale pale.

Kwani oili ilikuwa ikitoka wapi? Ilitoka juu, kwenye gasketi ya kile kifuniko cha kichwani mwa injini ambacho mafundi wetu hukiita tapeti kava. Ilikuwa ikichuruzika upande wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki, na kushuka polepole hadi kwenye giaboksi. Kazi ya saa moja iligeuzwa kuwa kazi ya siku mbili, na bado haikufanywa.

Kwa hiyo kanuni ni hii: safisha kwanza, tazama kutoka juu kwenda chini, na ile sehemu ya juu zaidi yenye unyevu mpya ndiyo mshukiwa wako wa kwanza.

NAMNA YA KUTAFUTA

Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa. Funika kwa mifuko ya plastiki mahali hewa inapoingilia, jenereta ya gari na vifaa vyote vya umeme wa plagi. Paka sabuni maalumu ya kuyeyushia grisi au mafuta taa kwa brashi, sugua, kisha suuza kwa maji kidogo. Usitumie mashine ya maji ya nguvu, kwa maana itasukuma maji kwenye nyaya. Usioshee petroli hata kidogo. Cheche moja yatosha kuteketeza gari na nyumba. Ondoa ile mifuko, acha injini ikauke kabisa.

Pima oili, iwe kati ya alama mbili. Kisha endesha gari kwa muda wa dakika 15 au 20, urudi nyumbani na kuzima injini.

Sasa chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi. Anza juu kabisa: kifuniko cha kutilia oili, halafu ukingo wote wa tapeti kava, hasa upande wa nyuma. Kioo ndicho kitakachokuonyesha huko. Teremka hadi kwenye swichi ya presha ya oili, kijidude chenye waya mmoja au miwili kilichofungwa ubavuni mwa injini. Tazama filta na pale inapokalia. Nenda mbele kwenye puli ya krenkishafti. Malizia kwenye ukingo wa sampu na bolti ya kumwagia oili.

Huoni kitu? Nyunyizia poda ya mtoto mahali unapopashuku, injini ikiwa imezimwa na kukauka. Endesha tena kidogo. Oili ikitoka itachora mstari mweusi juu ya poda nyeupe, nawe utaufuata mstari hadi mwanzo wake. Gereji zilizojiandaa vyema huwa na rangi maalumu ya kutiwa ndani ya oili, ambayo hung'aa ikimulikwa kwa taa ya zambarau. Kazi ni ile ile.

Kuhusu ile njia ya pumzi, fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma polepole. Moshi kidogo si ajabu. Lakini hewa ikipuliza kwa nguvu mfululizo, ama pumzi imeziba ama ringi za pistoni zimechakaa.

TAHADHARI KWA WENYE NYUMBA

Hapa sitanii. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kwa nusu dakika. Jeki huteleza. Liweke gari juu ya stendi imara, kwenye sakafu ngumu na tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na vigingi vikiwa nyuma ya magurudumu. Mawe ya kujengea si stendi, kwa kuwa hupasuka bila kuonya.

Feni ya radieta ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Tai, leso, mikono mirefu ya shati na nywele ndefu zikae mbali. Watoto watazame kutoka mbali vilevile, na waulize maswali kwa sauti.

KUTENGENEZA: ANZA NA CHA BEI RAHISI

Ukishajua oili inatoka wapi, matengenezo mengi ni mepesi kuliko ulivyofikiri.

Njia ya pumzi: chomoa ile valvu ndogo na uitikise. Nyingi zikiwa nzima husikika zikilia kama njuga. Ikinyamaza, isafishe au ununue nyingine. Kagua pia mpira wake kama umepasuka au umejaa masizi.

Bolti ya kumwagia oili: chini yake hukaa washa ya shaba, alumini au nyuzi ngumu. Washa hii yafaa kubadilishwa kila unapobadilisha oili. Wengi huiacha ile ile miaka mingi, halafu huikaza bolti kwa nguvu zao zote ili isivuje. Matokeo yake ni kuharibu meno ya sampu, na hapo washa ya shilingi chache huzaa sampu mpya.

Filta: kabla ya kufunga mpya, hakikisha pete ya raba ya filta ya zamani haikubaki imenata kwenye injini. Pete mbili zikikutana, oili inaweza kumwagika yote barabarani. Paka oili kidogo kwenye pete mpya, zungusha filta kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko, au jinsi maandishi ya filta yenyewe yanavyosema. Spana ni ya kufungulia, si ya kukazia.

Swichi ya presha: ikivuja kupitia kwenye plastiki yake, haitengenezwi. Ifungue, weka mpya inayolingana na injini yako.

Tapeti kava: hii ndiyo mvujaji mashuhuri. Fungua bolti zake, inua kava, toa gasketi ya zamani. Safisha pande zote mbili kwa kitambaa na kipande cha mti au plastiki. Usikwaruze alumini kwa kisu, kwa maana kila mkwaruzo ni mfereji mpya wa oili. Usiruhusu uchafu uangukie ndani. Weka gasketi mpya ikae vizuri kwenye mfereji wake. Tia silikoni ya injini kidogo tu kwenye zile pembe ambazo kitabu cha gari kimetaja. Rudisha bolti zote kwa mkono, kisha zikaze kidogo kidogo kwa mizunguko miwili au mitatu, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kukaza kupita kiasi hufinya raba ikatoka nje, na tatizo likarudi.

Ukiwa hapo juu, tazama mashimo ya plagi. Ukikuta oili ndani yake, pete za mashimo hayo nazo zimechoka, na huenda hiyo ndiyo sababu ya gari kutetemeka asubuhi. Nunua gasketi pamoja na pete zake.

Sampu: ikiwa imetoboka kwa kugonga tuta, usiipake gundi ukasafiri. Iteremshwe, ichomelewe au ibadilishwe, na gasketi iwe mpya.

Sili ya mbele: iko nyuma ya puli. Katika injini zenye mkanda wa taiming wa raba, oili ikiufikia mkanda huo huuharibu, na mkanda ukikatika valvu zinaweza kugongana na pistoni. Kwa hivyo unapobadilisha mkanda, badilisha sili za mbele siku hiyo hiyo. Kazi ya kufungua ni moja.

Sili ya nyuma: hii iwe ya mwisho kushukiwa, baada ya nyingine zote kuonekana kavu. Kwa kuwa giaboksi ni lazima itoke, wenye gari la gia za mkono wakague klachi hapo hapo. Oili ikishaifikia klachi, klachi huteleza.

DAWA ZISIZO DAWA

Wapo wanaopaka silikoni kwa nje, pale wanapoona unyevu. Silikoni haishiki juu ya oili, na presha iko ndani. Wengine huifungua kava na kumwaga silikoni kama siagi kwenye mkate. Ile ya ziada humeguka, huangukia kwenye sampu na kuziba chujio la pampu. Hapo umeziba tundu la nje na kuifunga koo injini.

Kuna dawa za chupa zinazolainisha na kuvimbisha raba iliyokauka. Huweza kupunguza mvujo mdogo kwa muda. Haziwezi kuunga gasketi iliyopasuka. Kadhalika kutia oili nzito kuliko inayotakiwa huchelewesha tone, lakini asubuhi ya baridi kule Limuru oili hiyo huchelewa pia kufika kichwani mwa injini.

Na wale wanaojaza oili kupita alama ya juu ili "ivuje ikibaki", wasikie: krenkishafti ikiichapa oili hiyo hutoa povu, na povu halilainishi chuma.

UKIENDA KWA FUNDI

Mafundi hodari tunao, kuanzia Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, hadi Kariobangi Light Industries na gereji ndogo za mitaani. Fundi mzuri hachukii maswali. Muulize matatu tu. Umesafisha injini kabla ya kutazama? Nionyeshe oili inapoanzia. Nirudishie kipuri cha zamani ukimaliza.

Ikiwa jibu la swali la kwanza ni hapana na tayari anataka kuteremsha giaboksi, mshukuru kwa upole na utafute wa pili. Kazi ikiisha, rudi na katoni yako. Ikiwa kavu baada ya usiku mmoja, na bado kavu baada ya wiki, umepona.

Mpaka siku hiyo ya kutengeneza ifike, kwa maana mshahara nao una tarehe zake, pima oili kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini imepumzika. Andika tarehe na kiasi ulichoongeza. Beba lita 1 ya oili ya aina ile ile ukisafiri. Kijana wa shule ya sekondari anaweza kupewa kazi hii, na atajifunza mengi kuliko kuosha vioo. Kumbuka kwamba injini haiuawi na mvujo. Huuawa na oili iliyokwisha bila mtu kutazama.

Lakini taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, usijiambie utafika nyumbani kwanza. Egesha pembeni palipo salama, zima injini papo hapo. Vivyo hivyo ukiona moshi wa buluu na kunusa oili inayoungua chini ya boneti, kwa maana oili ikidondokea ekzosi yenye moto mkali inaweza kuwaka.

OILI CHAFU IENDE WAPI?

Neno la mwisho. Oili mliyoimwaga isiende kwenye mtaro. Mitaro mingi ya Nairobi huishia mtoni, Mto Nairobi huingia Athi, na Athi hubadilisha majina njiani ukaja kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Njiani kote kuna watu, mifugo na mashamba yanayoyategemea maji hayo. Itie oili kwenye mtungi wenye kifuniko, uipeleke kwenye gereji au kituo cha petroli kinachopokea oili chafu.

Basi wiki hii, kabla hujamwita yeyote, tafuta katoni. Usiku mmoja wa katoni chini ya gari utakwambia mengi kuliko makisio ya watu watatu.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, tutatazama breki zinazolia, tuone ni kelele zipi za kupuuza na zipi za kukufanya upande matatu hadi zitengenezwe. Hadi hapo, safari njema.